Kurusha droni mjini: ramani ya programu haina wekundu, je inatosha?

Tai_Mdogo
Wakuu, naomba ufafanuzi. Droni ni ya gramu 249, ina kamera, na kazi ni kupiga picha za majengo yanayouzwa katikati ya mji. Programu ya droni haionyeshi zuio lolote pale. Halmashauri wanasema mambo ya anga si yao, na mamlaka ya usafiri wa anga wanasema bustani na barabara si zao. Nani mwenye neno la mwisho? Na zile mita 120 za kikomo cha urefu zinahesabiwa kutoka wapi, ardhini au pale droni ilipoondokea?

AngaWazi
Wote wawili wamekujibu sawa, na hakuna anayeweza kutoa ruhusa kwa niaba ya mwenzake. Droni ikishaacha ardhi iko kwenye anga, na anga nchi nyingi ni ya mamlaka ya usafiri wa anga. Mahali unaposimama, unaporushia na unapotua pana mwenyewe: halmashauri, msimamizi wa bustani, mwenye jengo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kibali halali cha anga na bado akatozwa faini kwa kurushia ndani ya bustani ambayo sheria ndogo za mji zimeikataza. Kinyume chake pia hutokea. Tatu kuna faragha, hasa kamera ikiangalia madirisha, na hiyo ina sheria yake.

Sasa hizo gramu 249, kwa sababu hapo ndipo wengi hujidanganya. Marekani, droni iliyo chini ya gramu 250 haihitaji usajili ikiwa unairusha kwa burudani tu. Ikiingia kazini inasajiliwa hata ikiwa na uzito wa kiganja, na rubani anatakiwa kuwa na cheti cha Part 107, yaani kanuni za Marekani za droni ndogo za kazi. Umoja wa Ulaya wanauliza swali jingine: ina kamera? Ikiwa nayo, na si ya kuchezea watoto, mwendeshaji anajisajili. Nchi nyingine hazina msamaha wowote wa uzito. Kwa hiyo tafuta kwanza kanuni ya nchi unayorushia inasema nini kuhusu *kazi* na *kamera*, ndipo uje kwenye mizani.

Na uzito unaohesabiwa ni ule wa kuruka nao: betri, kadi, kichujio cha lenzi, kinga za propela, hata stika. Droni ya DJI Mini 3 Pro ikivalishwa betri yake kubwa inafika kama gramu 290.

Ramani_na_Rula
Naongezea upande wa ramani. Programu ya kampuni iliyotengeneza droni si sheria. Januari 2025 DJI waliacha kuzuia droni zao kuruka kwenye maeneo yaliyokatazwa Marekani. Sasa linatokea onyo tu, ukilibonyeza unaendelea. Kwa hiyo "imekubali kuruka" haina maana ya "imeruhusiwa".

Chanzo chenyewe ni AIP, kitabu cha taarifa za anga ambacho kila nchi mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hukitoa. Fungua ENR 5.1 uone maeneo ya P (yamekatazwa), R (yana masharti) na D (hatari). Kisha sehemu ya AD 2 ya kila kiwanja cha ndege kilicho karibu, upate mipaka ya CTR, yaani anga inayodhibitiwa kuzunguka kiwanja. Mjini usisahau viwanja vya helikopta vya hospitali, maana vingine havionekani kwenye ramani za simu.

Makosa mawili ya kusoma hujirudia sana. La kwanza ni vipimo vya mahali. AIP huandika nyuzi, dakika na sekunde, simu huandika desimali. 6°30′ ni 6.5, si 6.30. Ukikosea hapo umehama zaidi ya kilomita 20.

La pili ni urefu. AMSL ni kutoka usawa wa bahari, AGL ni kutoka ardhini. Mji ulioko mita 1,600 juu ya bahari, anga inayoanzia futi 6,000 AMSL iko takriban mita 229 tu juu ya vichwa vya watu.

Siku ya kazi soma tena NOTAM, yaani matangazo ya anga kwa marubani. Saa zake ni UTC (saa ya kimataifa, si ya eneo lako), zikiandikwa mwaka, mwezi, siku, saa na dakika bila nafasi: 2506140600 ni tarehe 14 Juni 2025, 06:00 UTC. Zuio la muda kwa ajili ya msafara wa kiongozi au mechi huja kwa njia hiyo, na linaweza kutoka asubuhi ileile.

Fundi_Propela
Swali la mita 120 halijajibiwa. Hupimwa kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Tatizo ni kwamba namba ya kwenye skrini huhesabu kutoka ilipoondokea. Ukirushia kwenye paa la mita 40, skrini ikisoma 120 uko mita 160 juu ya barabara, tayari umevunja kanuni. Kwa paa hilo weka kikomo cha 80 kwenye mipangilio.

Majengo marefu yana nafuu yake, ila inatofautiana. Marekani chini ya Part 107 unaweza kupanda hadi futi 400 juu ya kilele cha jengo ukiwa ndani ya futi 400 kutoka kwake. Ulaya ni mita 15 tu juu ya kizuizi kinachozidi mita 105, ndani ya mita 50 kutoka kwake, na kwa ombi la mwenye kizuizi.

Urefu wa kurudi nyumbani, yaani ule droni inaopandia ikirudi yenyewe ilipoondokea, uwe juu ya kizuizi kirefu zaidi kwenye njia ya kurudi. Kama kizuizi hicho kinapita kikomo cha kisheria, hama mahali pa kurushia. Usipae kabla droni haijasajili sehemu ya nyumbani. Katikati ya maghorofa ya vioo mawimbi ya satelaiti hudunda, na nondo za paa huvuruga dira.

Tai_Mdogo
Asanteni sana. Mwenye jengo akinipa barua, inanifunika hata nikipita juu ya paa la jirani na watu wa barabarani?

AngaWazi
Hapana. Barua yake inakupa mahali pa kurushia. Watu wake hawahesabiwi kuwa wahusika wa zoezi mpaka wawe wamekubali kushiriki na wameelezwa la kufanya droni ikiharibika. Wapita njia hawamo.

Ulaya, droni ya chini ya gramu 250 inaweza kupita juu ya wachache wasiohusika, lakini kamwe si juu ya mkusanyiko. Marekani kundi la kwanza la kuruka juu ya watu linataka isizidi pauni 0.55, karibu gramu 250, *na* isiwe na propela wazi zinazoweza kukata ngozi. Yaani 249 yako bila kinga haifai, na ukiiwekea kinga inapita uzito. Rahisi zaidi ni kupiga picha ukiwa upande wa jengo usio na barabara, au mapema kabla watu hawajajaa, kama kanuni ya saa za kuruka inaruhusu.

Kwenye ombi la kibali taja vipimo vya mahali, nusu kipenyo, urefu wa juu kabisa kwa AGL, tarehe na saa za UTC, namba ya droni, cheti cha rubani na bima. Barua ya mwenye jengo iambatishe. Ombi lililoandikwa "katikati ya mji, wiki ijayo" hurudishwa.