Mtathmini wenu kaniuliza kama hili ni andiko la ruzuku au bajeti ya harusi!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Kikao kimeisha nusu saa iliyopita na masikio bado yanawaka.

Mnamjua mtathmini wa huo mfuko wa ruzuku za kripto. Yule wa kofia, wa kufungua kila kikao kwa "familia, familia", ambaye hajazima maiki tangu bitcoin ikiwa dola mia. Leo kaweka andiko langu kwenye skrini, watu 43 tunatazama, akashuka moja kwa moja mpaka kwenye bajeti, akasoma kwa sauti: "Maandazi 60." Akanyamaza. Akacheka mpaka kiti kikalia. Kisha: "Kaka, hili ni andiko la ruzuku au bajeti ya harusi?"

Harusi!

Miezi miwili nimelala na lile andiko. Neno "mapinduzi ya teknolojia" halimo hata mara moja. Nimeandika akina mama 30 wa VICOBA hapa Makorora, Tanga, wenye mabinti Muscat wanaotuma hela kila mwezi na makato yanazitafuna njiani, tuwafundishe kuzipokea kwa sarafu za kidijitali. Nimeandika wiki kwa wiki tunafanya nini, nani anafundisha, na mfadhili atajuaje kwamba kazi imefanyika. Bajeti nimeweka kwa dola, maana tokeni yao, ile sarafu ya kidijitali wanayolipia, inaweza kushuka nusu kabla hela haijatufikia. Nimeomba walipe kwa awamu: tusipoonyesha kazi ya awamu ya kwanza, ya pili wasitoe. Sasa mtu anaaminika vipi zaidi ya hapo? Yeye macho yake yakatua kwenye maandazi!

Darasa ni saa 10 jioni. Mama yuko sokoni tangu alfajiri, hajatia kitu tumboni. Maandazi mawili mawili, watu 30, hesabu ya darasa la pili. Mwenye njaa humfundishi kutunza maneno 12 ya siri, yale ya kurudisha pochi yako ya kidijitali simu ikipotea. Tulipofanya majaribio mama mmoja alinionyesha ya kwake: kayaandika kwa penseli nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, kadi imelowa uji, maneno mawili hayasomeki. Simu ile ikiibwa, hakuna benki ya kupigia. Ndiyo maana mstari unaofuata maandazi ni madaftari 30 ya jalada gumu na kalamu za wino. Hakufika huko! Alikuwa bado harusini!

Thamani ya fedha kanipa 2 kati ya 5. Andiko alilolisifu wiki jana linaahidi kuingiza "Waafrika milioni 1" kwenye kripto kwa miezi mitatu, na bajeti yake ina mstari mmoja: "masoko". Mtaa haukutajwa, mtu hakutajwa. Mradi wa Bitcoin Ekasi kule Mossel Bay, Afrika Kusini, mwaka 2021 walianza kwa kuwalipa kwa bitcoin makocha wa watoto wanaoteleza mawimbini, ndipo wakaenda kwenye maduka ya mtaani. Hakuna aliyeanza na milioni.

Nani alimpa kiti cha kutathmini mtu asiyejua kwamba darasa la watu wazima linaanza na chai? Harusi! Mbele ya watu 43!

Kongwe_wa_Chumbageni: Pole mkuu. Ila kadi ya mwaliko hatujaipata.

mama_P2P: 😂😂😂 Bwana harusi, mchango tunatuma kwa tokeni au kwa M-Pesa?

Mleta uzi: Chekeni tu. Akina mama 30 wanasubiri jibu, mimi ndiye nitakayekwenda kuwaambia.

Nusu_Hesabu: Mkuu, peleka kwenye mfuko unaogawa hela kwa ule mfumo wa kipeo, kama wa Gitcoin, jukwaa la ruzuku za kripto. Pale wanachukua mzizi wa pili wa kila mchango wa watu kwa mradi, wanajumlisha, ndipo wanapiga kipeo cha pili. Watu 100 wenye dola 1 kila mmoja wanapata uzito wa 10,000. Tajiri mmoja mwenye dola 100 anabaki na 100 yake. Mama zako 30 wakichanga hata senti wanamfunika huyo wa kofia.

Kongwe_wa_Chumbageni: Wakichanga senti watakula nini, maandazi yenyewe yamekataliwa.

Mkalimani2: Afadhali wewe umesomwa. Mimi kaniambia Kiingereza changu kinanukia Kiswahili. Nikaandika kwa Kiswahili, akasema hakuna wa kulisoma. Na yeye kwao Morogoro!

tokeni_baridi: Nyie mnalilia kukataliwa, mimi nilikubaliwa. Nimetafsiri kurasa 80, nikalipwa kwa tokeni ambayo hakuna soko linaipokea. Mwaka wa pili naitazama tu kwenye pochi kama picha ya marehemu.

Mleta uzi: Jamani, tusitoke kwenye mada. Mnaona sawa alivyonifanyia?

Afisa_Mstaafu: Mada ni kwamba bajeti yako haina kodi. Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka 3% kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Uliiandika?

Mleta uzi: Ipo. Mstari wa tisa. Angeshuka angeiona.

Wa_Kisauni: Huku kwetu Kenya hiyo 3% tulikuwa nayo tangu 2023, ikaondolewa 2025 wakahamia kutoza kodi kwenye ada za majukwaa ya kuuzia sarafu hizo. Nyinyi mmerithi nguo kuukuu.

mama_P2P: Kodi si tatizo. Tatizo ni wanunuzi wa P2P, tunaouziana sarafu mtu kwa mtu, wanaotuma picha ya muamala ambao haujafika. Jana mmoja kanitumia ya mwaka jana, tarehe kaifuta kwa kidole.

tokeni_baridi: Huyo ni yule wa namba inayoishia 7? Kanila na mimi.

mama_P2P: Huyo huyo! Fungua uzi wake, tuje wote.