Wauza spea za injini za boti za zamani, acheni kutuuzia raba zilizokufa

Wakuu, habari za muda huu. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa injini mpya, shida zetu sisi wa mashine kuukuu ni nyingine kabisa. Nimevumilia vya kutosha, leo natapika nyongo.

Nina injini ya boti ya Johnson ya miaka ya 60, silinda mbili, zile za kuchanganya petroli na oili. Chuma chenyewe hakina neno: bloku nzima, kompresheni ipo, gia zinaingia bila makelele. Kinachonitoa roho ni vidudu vidogo vidogo. Impela ya pampu ya maji (raba yenye mabawa inayosukuma maji ya kupoza), koili za kuzalisha cheche, pointi za kuikatia koili umeme, sili za shafti ya propela. Kila nikiagiza naletewa takataka.

Juzi nimepokea impela. Tangazo linasema mpya, ya kiwandani, pakiti haijafunguliwa. Ni kweli, pakiti ya kiwandani, tena karatasi imeshageuka njano. Nikaitoa, nikakunja ubawa mmoja kwa kidole gumba. Ta! Ufa ukatokea palepale shinani, ubawa unapoungana na kitovu. Raba ngumu kama ukwato. Namwandikia muuzaji, ananijibu eti "mkuu, hiyo haijatumika hata siku moja". Kwani nani kakudanganya kwamba raba inazeeka kwa kutumika tu? Inazeekea humohumo kabatini! Ikishakakamaa haijikunji tena ndani ya kikombe cha pampu, maji hayapandi, na mashine nyingi za umri huu hazina kile kitundu cha kutemea maji ukaona kama inapoa au la. Unakuja kushtuka rangi inababuka kwenye kichwa cha silinda.

Mimi niuzie impela iliyotoka kiwandani mwaka huu, hata kama haina nembo ya Johnson, nitakushukuru. Hizo nembo zenu kaziwekeni kwenye fremu ukutani.

Koili ndiyo usiseme. Kila mtu koili yake "imepimwa". Imepimwaje? Umeweka mita ikiwa ya baridi, ukaona namba, ukafurahi. Koili za zamani ganda lake linapasuka, unyevu unaingia, halafu cheche inakata mashine ikishapata moto, ukiwa katikati ya maji na kasia moja. Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, maana magneto hii, yaani mtambo wa cheche unaobeba koili hizo, ilifungwa kwenye Johnson na Evinrude kibao kuanzia miaka ya 50 hadi ya 70, na koili zake bado zinatengenezwa mpya mpaka leo. Sasa kwa nini uniuzie yenye nyufa uliyoipaka rangi nyeusi ya kopo? Rangi ilinibaki vidoleni, bosi!

Halafu wale wa "inaingia hiyo". Huulizwi namba ya modeli, unaulizwa nguvu za farasi ngapi tu. Farasi pekee hazitoshi, jamani, injini za farasi zilezile zilibadilishwa ndani miaka na miaka. Namba ipo kwenye bamba la bano linaloshika boti, na bamba likiwa limeng'oka, angalieni kizibo cha duara kwenye bloku, imegongwa pale. Za kuanzia 1980 ndiyo rahisi kabisa: chukua neno INTRODUCES, I ni 1, N ni 2, endelea hivyo hadi E ambayo ni 9, S ni 0. Herufi mbili zinazotangulia ile ya mwisho ya modeli ndizo mwaka. Kuna mmoja kaniapia kwamba kabureta yake imetoka kwenye mashine ya 1968, na kwenye picha aliyonitumia mwenyewe bamba linasomeka CU. 1987 hiyo! Hata kudanganya hajui.

Najua mtakuja na hadithi ya kiwanda. Ndiyo, OMC, kampuni iliyotengeneza Johnson na Evinrude, ilifilisika Desemba 2000, Bombardier wakachukua injini hizo 2001, na BRP, kampuni iliyotokana na Bombardier, wakasimamisha utengenezaji wa Evinrude 2020. Sote tunajua spea za asili zinapungua. Kupungua kwa spea hakujampa mtu ruhusa ya kuuza uchafu. Na nyie mnaochinja mashine inayowaka ili muuze kifuniko chake peke yake kwa wapamba sebule, na nyie nina yenu, ila si leo.

Kwa sasa natafuta koili mbili na sili za shafti ya propela. Mwenye navyo aweke picha ya spea yenyewe, si picha ya kuokota mtandaoni, na namba ya spea ionekane. Impela akiwa nayo, anipigie video akiikunja ubawa mmoja mmoja. Atakayeandika "inaingia hiyo, njoo inbox", simjibu.