Aligeuka, akaliona geti liko wazi, akaenda zake!

Wakuu, jina sitaji, mnamjua. Leo kapita tena njia ya malishoni, kafungua geti, kavuka, kaenda hatua kumi, AKAGEUKA, akaliona liko wazi, akaenda zake! Angesahau tungesamehe. Aligeuka!

Sababu yake ni ileile: geti zito, limelala upande wa komeo. Sasa uzito gani huo? Shika ncha ya upande wa komeo, inua kiasi cha vidole viwili, sukuma, ingiza komeo, rudisha mnyororo kwenye ndoano, tikisa mara moja uone kama limeshika. Sekunde 15. Mtu anafunga kamba za viatu nusu saa kama anakwenda mwezini, sekunde 15 hana!

Na humo ndani kuna ng'ombe wenye ndama. Akitoka mmoja, kundi zima linafuata, na ng'ambo ya geti ni shamba la mikunde michanga. Ng'ombe akiifakamia, tumbo linajaa gesi, ndani ya saa chache anaweza kufa. Naye aligeuka, jamani. Aliona kwa macho yake mawili.

Kisigino Kikavu: Nakazia. Na ndiye huyohuyo akikuta komeo limekwama anapanda juu upande wa komeo. Kupanda ni upande wa bawaba, karibu na nguzo. Ukining'inia kule mwisho, uzito wote unavuta bawaba, geti linalala. Analalamikia ubovu alioutengeneza mwenyewe.

Mla Kupe: Mleta uzi punguza jazba, utapasuka mshipa kwa geti la watu. Halafu si kila geti wazi ni kosa. Mfugaji anaweza kuliacha hivyo ili mifugo ifike majini, ukilifunga unawaua kwa kiu. Ulivyolikuta ndivyo uliache.

Mleta uzi: LILIKUWA LIMEFUNGWA. Kwa mnyororo. Na ALIGEUKA!

Tope la Goti: Tumesikia aligeuka. Kijia cha msituni je? Kilikuwa cha mtu mmoja, leo trekta mbili zinapishana, kisa watu wanakwepa tope. Ukipita pembeni unaua nyasi, mizizi iliyoshika udongo inakufa, mvua inayofuata inabeba ukingo, na tope linaongezeka. Vaa buti, pita katikati, mmoja nyuma ya mwenzake.

Mla Kupe: Pembeni ndiko kwenye majani marefu na kupe pia. Wacha wakwepe, watakuja kuomba kibano. Kupe akishauma, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usimzungushe wala kumpaka mafuta.

Shavu la Mguu: Mnasahau wenye mbwa! Ng'ombe mwenye ndama akimwona mbwa anakuja mbio, na mtu anamkumbatia mbwa wake. Mwachie! Mbwa atawashinda mbio, wewe huwezi. Na usikatize kati ya mama na ndama, zunguka kundi zima hata kama njia inapita katikati.

Kisigino Kikavu: Wabaya kuliko wote ni wapanga safari. "Kilomita 12, ndani ya saa mbili tumerudi." Naismith, mpanda milima wa Uskoti, alitoa hesabu tangu 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye mlima wa mita 600 ni karibu saa tatu na nusu, hapo hamjakaa kula.

Tope la Goti: Na tope hajalihesabu.

Shavu la Mguu: Wala mteremko. Kucha za vidole gumba zangu zimekuwa nyeusi. Buti kubwa au ndogo?

Kisigino Kikavu: Kamba zimelegea, mguu unateleza mbele. Kata kucha, kisha kabla ya kushuka sukuma kisigino nyuma kabisa na kaza pale kwenye kifundo.

Mleta uzi: Geti bado liko wazi, wakuu.

Shavu la Mguu: Nikaze na vidoleni?

Kisigino Kikavu: Hapana, vidoleni acha nafasi.