Msaada: kulifuatilia duka la kahawa la familia, Acacia Avenue (sasa Samora), Dar

Mjukuu_Upanga
Wakuu, heshima kwenu. Nina mfuko wa karatasi wa duka lililokuwa likikaanga na kusaga kahawa mjini Dar. Una jina la mzee na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "na Wanawe", Acacia Avenue, namba ya S.L.P. na "ratili 1" (kipimo cha uzito cha kabla ya kilo). Mwaka hakuna. Nataka kujua duka lilikuwa jengo gani, lilifungwa lini na familia ilielekea wapi. BRELA (wakala wa usajili wa biashara) mtandaoni nimetafuta, patupu. Nianzie wapi? Naomba kuwasilisha.

Karani_Masjala
Mkuu, Wajerumani waliuita mtaa ule Unter den Akazien, Waingereza Acacia Avenue, baada ya uhuru ukawa Independence Avenue, ndipo ikaja Samora. Kwa hiyo mfuko ni wa enzi ya Mwingereza, au wa baadaye kidogo, maana mwenye duka humaliza kwanza shehena ya mifuko aliyokwisha kuilipia. Ratili inakubaliana na hilo. Usije ukahitimisha kwamba duka lilikufa 1961 eti kwa kuwa jina jipya la mtaa halimo.

BRELA ilianza 1999 ikarithi majalada ya karatasi. Kutoonekana kwenye mfumo si ushahidi kwamba halikusajiliwa. Peleka barua ya kuomba upekuzi, na utaje masjala zote mbili: makampuni na majina ya biashara. "Na Wanawe" bila "Ltd" kwa kawaida ni jina la biashara, yaani ubia. Jalada likipatikana, tafuta taarifa za mabadiliko ya wabia. Hapo ndipo utakapoona mtoto yupi aliingia na yupi alitoka.

Kona_ya_Kisutu
Mimi ningeanza na S.L.P. Huku barua hazikuwa zikiletwa mlangoni, na familia huling'ang'ania sanduku hata ikihama mtaa. Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, au East Africana, mkusanyo ulio katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), uombe vitabu vya simu na orodha za biashara. Ruka miaka mitano mitano. Jina likipotea, rudi ndani ya pengo mwaka kwa mwaka. Kila kitabu nakili vitu vinne: jina, sanduku, simu, mtaa. Mtaa na simu vikibadilika huku sanduku limebaki, huenda wamehama jengo. Sanduku likibaki na jina likabadilika, limerithiwa au limeuzwa.

Kwenye orodha za biashara usiishie kundi la "kahawa" tu. Mkaangaji anaweza kuwa ameorodheshwa pamoja na wauza vyakula. Migahawa ni kundi jingine kabisa. Kwa matangazo, pekua Tanganyika Standard (1930 hadi ilipogeuka Daily News, 1972), hasa matoleo ya Idi, Diwali, Krismasi na Desemba 1961. Salamu za sikukuu wenye maduka walizilipia.

Mjukuu_Upanga
Shukrani. Tatizo, tarakimu ya mwisho ya sanduku imefutika.

Kona_ya_Kisutu
Haikuzuii. Kitabu cha simu kimepangwa kwa majina, sanduku ni la kuhakikishia tu. Tarakimu zilizobaki zikilingana, na mtaa ukawa ndio huo, umempata.

Mpekuzi_wa_Hati
Tahadhari ya jengo. Wengi hukimbilia Gazeti la Serikali la 1971, yalipotwaliwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi Sh 100,000, wakikuta jina wanadhani ndiye mwenye duka. Sheria ile ilitwaa jengo, haikutwaa biashara. Muuza kahawa huenda alikuwa mpangaji tu. Kodi akawa anampelekea Msajili wa Majumba, na kuanzia 1990 Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Kwa hiyo fuatilia pia majalada ya upangaji. Upekuzi wa ardhi nao huenda kwa namba ya hati au ya kiwanja. Namba iliyobandikwa mlangoni haitakusaidia, wala jina la duka.

Mbele hupakwa rangi kila mara, kwa hiyo omba ruhusa uingie uani. Kukaanga kunatoa moshi na makapi mepesi, lazima bomba litoke mahali. Tafuta tundu la duara juu ya ukuta, limezibwa kwa saruji ya rangi tofauti, na masizi yanayonata yakipanda juu yake. Tanuri la mikate huacha alama hizo hizo, basi usilichukue peke yake.

Karani_Masjala
Na majina, mkuu. Kama ni familia ya Kihindi, tafuta kila tahajia: Walji na Valji, Alibhai na Alibhoy. Tena Hasham mwana wa Jiwa ni Hasham Jiwa, lakini mwanawe anaweza kuandikwa Karim Hasham au Karim Jiwa. Hapo ndipo wengi hupoteza ukoo.

Kona_ya_Kisutu
Ukifika kwenye makundi ya watu wa Dar walioko Toronto au Leicester, weka picha ya mfuko, jina la mtaa lifunike. Waulize duka lilikuwa kona ipi, na mlango ulitazama wapi. Ukiwatajia wewe kwanza, wote watakubaliana nawe.