Tupeane uzoefu: Ulikuta nini kwenye kongamano la haki za watu wenye ulemavu?

Mwanzisha mada
Habari zenu wakuu. Chama chetu kimeniteua niende New York mwezi wa sita, kwenye Mkutano wa Nchi Wanachama wa Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule unaofanyika makao makuu ya Umoja wa Mataifa tangu 2008. Natembea kwa magongo na sijawahi kuhudhuria mkutano wa ukubwa huo. Barua ya mwaliko inasema ukumbi "unafikika kwa wote". Maneno hayo tumeyasoma kwenye mialiko mingi, kwa hiyo naomba waliokwisha kwenda popote waseme: ulipofika ulikuta nini?

Kwa wanaopanga safari, ratiba ninayoijua ni hii. Zero Project, kongamano la njia za kuondoa vikwazo kwa wenye ulemavu, hukutana Vienna kati ya Februari na Machi. CSUN, la teknolojia saidizi, huwa Machi kule California. Alhamisi ya tatu ya Mei ni siku ya uhamasishaji wa ufikivu, na shughuli zake nyingi ni za mtandaoni. Desemba 3, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, ndiyo usiseme, kila taasisi ina lake. Viziwi wana kongamano la dunia kila baada ya miaka minne, la 2027 ni Abu Dhabi. Ule mkutano wa kilele wa dunia wa masuala ya ulemavu hauna mwezi maalumu: 2018 ulikuwa London, 2022 mtandaoni, 2025 Berlin.

Magurudumu
Mkuu, ukishapita mlangoni uliza habari ya jukwaa. Mimi nilialikwa kama mtoa mada. Mlango mpana, lifti ipo, choo kipo. Jukwaa lina ngazi, na mada yangu ni ufikivu! Vijana wa ukumbini wakaja kutaka kunibeba juu kwa juu na kiti changu cha betri, chuma kitupu. Nikakataa. Nikazungumza nikiwa chini, watoa mada wenzangu wamekaa juu, kamera imeelekezwa kwao. Kwenye video ya siku ile sauti ni yangu, sura ni ya mwenyekiti akiitikia kwa kichwa.

Siku hizi nikipata mwaliko naomba picha ya jukwaa kabla sijajibu. Kuna wanaoniona msumbufu. Sawa tu.

Na wenye viti vya umeme: betri ya lithiamu inayochomoka haiendi na kiti kwenye mizigo. Inatolewa, unaingia nayo ndani ya ndege, na kwa kawaida isizidi wati-saa 300 (300 Wh). Kipige picha kibandiko cha betri, ukitume kwa shirika la ndege mapema, na udai jibu la maandishi. Jibu hilo lichapishe, litembee nawe. Mhudumu wa kaunta anaweza kuwa hajawahi kuona kitu hicho maishani mwake.

Mikono Inasema
Mimi ni kiziwi. Waandaaji wengi wakishaandika "mkalimani atakuwepo" wanadhani wamemaliza. Lugha ya alama ya nchi mwenyeji si ya kwangu. Kwenye mikutano mikubwa hutumika alama za kimataifa, na kiziwi ambaye hajazizoea hawezi kuzielewa siku hiyohiyo. Ukiweza nenda na wakalimani wako, na wawe wawili. Wanapokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Ukimwachia mmoja kikao kizima, kichwa chake kinachoka kabla ya mikono, anaanza kuruka maneno na wewe hujui umekosa nini.

Kuna kongamano moja wakalimani walikuwepo, wamelipwa, wamesimama mahali pazuri kabisa. Mtoa mada akafungua slaidi, fundi akazima taa. Giza! Tukapunga mikono, nani atatuona? Mwenzetu akawasha tochi ya simu akammulika mkalimani mpaka mada ikaisha. Mkono ulimuuma, akawa anabadilisha kulia, kushoto.

Kwa New York, vikao vikuu vina alama za kimataifa na maandishi ya papo kwa papo kwenye skrini. Mikutano ya pembeni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye mazungumzo ya maana, kila mwandaaji anajitegemea. Waulize mmoja mmoja kabla hujapanga siku yako.

Nukta Sita
Nyie mmefika ukumbini, sisi tusioona tunakwama kwenye kujisajili. Fomu ya mtandaoni, mwishoni fumbo: bofya picha zote zenye taa za barabarani. Kongamano la ufikivu hilo! Mdogo wangu ndiye aliyenibofyia. Ratiba nayo wakatuma karatasi iliyopigwa picha, programu yangu ya kusoma skrini ikasema "picha" ikanyamaza.

Wakajirekebisha, siku ya kwanza nikakabidhiwa ratiba ya nukta nundu, imechapwa safi. Ila ilichapwa mapema, na asubuhi ileile ratiba ya kwenye skrini ilikuwa imebadilishwa. Nikaenda chumba kilichoandikwa, nikakaa, nikasikiliza kwa makini. Kumbe ni watu wa bima wanapanga mauzo, wamekodi chumba hotelini humohumo.

Na hili la "kama mnavyoona hapa kwenye mchoro" nimelitafutia dawa. Nanyoosha mkono palepale: wengine hatuoni, tusomee. Mwanzoni wananuna, kufikia mchana kila mtoa mada anasoma mchoro wake bila kuambiwa.

Mpita Njia
Mtanisamehe, ila makongamano haya ni posho na picha. Sheria zipo, utekelezaji hakuna. Mjumbe anarudi na begi la mkutano na kalamu.

Nukta Sita
Begi ninalo, sikatai. Lakini Mkataba wa Marrakesh wa 2013 haukudondoka kutoka mbinguni. Zamani kitabu kikitengenezwa kwa nukta nundu au kwa sauti nchi moja, hakimiliki ilikuwa kikwazo cha kukipeleka nchi nyingine, kwa hiyo huku nako wanatengeneza kilekile upya. Wasioona walikaa kwenye vikao vya Geneva miaka mingi wakibishana na wachapishaji mpaka ukapitishwa, ukaanza kutumika Septemba 30, 2016. Asingekwenda mtu kwenye vikao hivyo, nani angewasemea?

Mpita Njia
Hapo nimekuelewa. Ila posho nazo zipo.

Dada Mtu
Mimi humsindikiza kaka yangu mwenye usonji. Chumba cha utulivu kilikuwepo kwenye ramani. Tulipofungua mlango, masanduku ya vipeperushi hadi dirishani na wafanyakazi wanapumzika humo. Tukakaa kwenye ngazi za dharura. Kizuri ni kwamba muhtasari ulikuwa wa lugha nyepesi, akausoma mwenyewe, na kikao cha makazi akauliza: mbona hamtuulizi tunataka kuishi na nani? Mwenyekiti akasema swali litajibiwa kwa maandishi. Bado tunasubiri.

Mratibu
Naandaa mikutano, kwa hiyo mawe yenu rusheni taratibu. Fomu nyingi huuliza "una mahitaji maalumu?" ndiyo au hapana, na mtu anajaza ndiyo. Ndiyo ya nini? Hata kama nafasi haipo, tuma barua pepe: upana wa kiti, lugha gani ya alama, faili la aina gani, unakuja na msaidizi au la. Tena itume mapema, kabla bajeti haijasainiwa. Mfadhili analipia "washiriki", na kwenye hesabu yake mkalimani na msaidizi hawamo. Tukiomba nyongeza wiki ya mwisho tunaambiwa fungu limekwisha.

Mfadhili akisuasua namkumbusha kifungu cha 2 cha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu: kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Kwa maandishi, na nakala kwa bosi wake. Huwa inasaidia.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Msaidizi wangu ni mdogo wangu, na barua ya mwaliko ina jina langu tu. Ubalozini itakuwaje?

Magurudumu
Irudishe leo. Waandike jina lake, namba ya pasi, kwamba anasafiri kama msaidizi wako, na nani anamlipia. Mimi niliwahi kupewa viza, msaidizi wangu akanyimwa, barua yake ilisema tu "mgeni". Halafu usajili wa UN ni wa mtu mmoja mmoja, kupitia chama chenye kibali. Asiposajiliwa kwa jina lake atabaki getini na viza yake mkononi. Chama chenu kina kibali?

Mwanzisha mada
Tunapitia shirikisho letu, wao wanacho. Nawaandikia usiku huu kuhusu barua, na nauliza habari ya jukwaa hapohapo. Na kuna aliyefika Vienna? Mwenzangu anakwenda Februari, anatumia magongo kama mimi, anataka kujua kutoka kituo cha treni mpaka ukumbini ni mwendo gani na kama kuna pa kukaa njiani.