Vipokezi vya setilaiti vinavyostahimili uvurugaji: vibaki vya jeshi peke yake?

Mtoa mada, Goma
Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kwamba mawimbi ya GPS, mfumo wa setilaiti wa Marekani unaomwonyesha mtu alipo, yalikuwa yakivurugwa na kughushiwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, jambo linalomgusa kila anayesafiri kwa ndege huku, awe na bunduki au gunia la dawa. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, na mawimbi yake hutufikia yakiwa dhaifu mno, kiasi kwamba mtambo mdogo wa ardhini unaweza kuyafunika na kumwacha rubani akikisia njia karibu na Nyiragongo, mlima wa karibu mita 3,470 unaojificha mawinguni. Jeshi la Marekani limejikinga kwa vipokezi vinavyosoma msimbo M, mawimbi ya siri ambayo setilaiti ya kwanza yenye uwezo wa kuyatuma ilirushwa mwaka 2005, na kwa antena zinazotambua upande unakotoka uvurugaji na kuuzibia sikio. Mwaka 2000 Rais Clinton aliamuru kuondolewa kwa kasoro iliyotiwa makusudi katika mawimbi ya raia, iliyoweza kumpotosha mtu kwa takriban mita 100. Kwa nini kinga hii nayo isifunguliwe?

Mchangiaji, Bukavu
Ndugu yangu, Clinton alifungua usahihi, hakugawa funguo, yaani namba za siri za kusomea mawimbi ya jeshi. Funguo za msimbo M zikikabidhiwa kila kampuni ya ndege, zitamfikia mwenye droni ya kivita kabla ya kumfikia rubani wa misaada. Antena hizo nazo zinanitia hofu zaidi, kwa kuwa droni inayokuja kushambulia mji ikifungwa antena ya namna hiyo, uvurugaji, ambao kwa wengine ndio ngao pekee waliyo nayo, hautaizuia tena.

Mtoa mada, Goma
Funguo sizidai. Galileo, mfumo wa setilaiti wa Ulaya unaofanana na GPS, hutia sahihi ya kidijitali katika ujumbe wake wa bure, hivyo kipokezi cha raia kinaweza kuutambua ujumbe wa kughushi bila kugusa siri ya jeshi lolote. Hata hivyo, sahihi haimsaidii aliyefunikiwa mawimbi kabisa, na ndiyo maana bado naidai antena, angalau kwa ndege za abiria na za misaada zilizosajiliwa. Mwenye droni ya kivita ana serikali au mfadhili wa kumtafutia. Ni rubani wa raia aliyezuiwa kwa miaka mingi na sheria za Marekani za kuuza nje teknolojia ya kijeshi, zilizolegezwa kiasi mwaka 2025.

Mchangiaji, Lubumbashi
Ninyi nyote mnatazama juu. Minara ya redio ya kuongozea ndege hutuma mawimbi kutoka ardhini, yenye nguvu nyingi kuliko ya setilaiti, na kuyafunika si kazi rahisi. Ni kweli kwamba milima ya Kivu huyakinga, hivyo minara haitoshelezi kila bonde. Lakini Régie des Voies Aériennes, shirika la Kongo la viwanja vya ndege na uongozaji wa ndege, inaweza kuitunza bila kuomba ruhusa ya Washington, nami ningependa fedha zianzie hapo kabla ya kununua antena hata moja.