Opareta wa kreni eti nikakaange chipsi! Hawa watu wa bima ya kipato wana roho gani?

Wakuu, naandika nikiwa kituoni, daladala zinapita na sipandi, maana nikikaa tu nitalia.

Ile kampuni mnaijua, sina haja ya kuitaja. Ile ya bango la baba kambeba mtoto mabegani, meno yote nje. Kukata makato kwenye mshahara haijawahi kusahau hata mwezi mmoja.

Mimi ni opareta wa kreni bandarini Dar. Si vile vya kupandishia matofali, ni zile ndefu za gatini. Kabini iko zaidi ya mita 30 juu, unainama zamu nzima ukitazama chini kupitia kioo cha sakafuni, kontena la futi 40 lenye tani 30 linaning'inia, na huko chini kuna vijana wa watu. Kazi ile haiokotwi njiani. Sasa sikio la ndani limeharibika. Daktari wa masikio kaandika: ugonjwa wa Ménière. Kizunguzungu kinakuja bila hodi, dakika 20 au masaa kadhaa, dunia inazunguka, natapika, sikio linavuma. Kikipita naonekana mzima kabisa mpaka kije tena. Dawa za kupunguza zipo, ya kuponya hakuna. Kazini wamenishusha na wako sahihi, hata mimi nisingekubali mtu wa hivyo aninginize tani 30 juu ya kichwa cha mwanangu.

Leo nikaitwa kuhusu dai langu. Kijana wa madai, hata ripoti hajaifungua, ananitazama juu mpaka chini: "Lakini mzee wangu, si umekuja mwenyewe kwa miguu?" Nikamweleza taratibu. Akasema: "Kazi ziko nyingi. Hata kibanda cha chipsi unaweza kufungua."

CHIPSI!

Wakuu, mtu anayeanguka bila taarifa asimame mbele ya karai la mafuta yanayochemka! Na alisema huku anatafuna karanga! Ningekuwa na kreni yangu pale ningeinyanyua ofisi yote na kiyoyozi chake nikaipakia meli ya China.

Wakati wa kutuuzia walisema ukiugua ukashindwa kazi yako, unalipwa sehemu ya mshahara. Kazi YAKO. Leo imekuwa kazi yoyote ile. Chipsi!

Mzaramo Og
Pole sana mkuu. Ila ukishafungua tupe lokesheni. Zege moja (chipsi mayai), mishikaki miwili, pilipili ya kutosha.

Opareta (mwanzisha uzi)
Mkuu mimi naumwa. Nina watoto shule.

Dada wa Ilala
Kaka pole. Niliwahi kufanya kazi upande huo. Omba mkataba, fungua ukurasa wa tafsiri ya maneno. Bima nyingi za kundi, zile mwajiri anawakatia wafanyakazi wote kwa pamoja, zinasema kweli "kazi yoyote", ila mara nyingi sentensi haiishii hapo, inaendelea "inayolingana na elimu, mafunzo na uzoefu wake". Huyo kijana kakusomea nusu. Mikataba mingine inalipa kwa kigezo cha kazi yako miezi 24 ya mwanzo, halafu ndipo kigezo kinageuka kuwa kazi yoyote. Maneno ya mdomo usiyakubali, akukatalie kwa barua yenye sababu. Barua hiyo ndiyo unakwenda nayo TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na daktari wako asiandike "ana kizunguzungu" tu, aandike kinakuja vipi na kwa nini hutakiwi kupanda juu, maana siku ya kupimwa na daktari wao utakuwa mzima.

Opareta (mwanzisha uzi)
Asante dada, kesho naomba barua. Lakini alikuwa anatafuna karanga, dada. Anatafuna, ananiambia chipsi.

Kiboko wa Vingunguti
Mnasaini bila kusoma halafu mnakuja kulia huku. Karanga zina kosa gani?

Opareta (mwanzisha uzi)
Mkataba anakaa nao mwajiri! Sisi tunapewa kikaratasi cha kukunja chenye picha ya yule baba wa bango! Nisome nini, meno yake?

Msukuma Halisi
Nenda WCF mkuu, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wanalipa.

Bibi Afya
WCF ni ugonjwa au ajali iliyotokana na kazi. Atathibitisha vipi kwamba sikio limeharibiwa na kreni? Ajaribu pensheni ya ulemavu NSSF, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii.

Msukuma Halisi
Huko nako wanataka uwe umepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato. Kwa hiyo tunarudi kwenye chipsi.

Mwalimu Tabora
Afadhali wewe umepewa chipsi. Mimi koo limekufa, sauti haitoki, daktari kathibitisha. Nikaambiwa nihamie somo la hesabu kwa sababu hesabu ni kuandika ubaoni. Darasa la watoto zaidi ya mia!

Kiboko wa Vingunguti
😂😂😂 Hesabu!

Dereva Mtulivu
Nyie mna bahati, mnajibiwa. Mimi gari limegongwa kwa nyuma, limesimama, taa nyekundu. Bima ya aliyenigonga wanasema picha zina giza. Ajali ilikuwa usiku, nikawashe jua?

Mzaramo Og
Turudi kwenye mada. Chipsi siku hizi hazina maana, sahani bei juu na viazi unavihesabu.

Mama Chipsi Sinza
Ongea vizuri wewe. Unajua bei ya mafuta? Na gunia la viazi je? Halafu mnasema kazi ya chipsi kama vile ni ya waliokosa kazi. Nasomesha kwa hilo karai.

Opareta (mwanzisha uzi)
Mama, sijaidharau kazi yako. Nasema nitaangukia kwenye mafuta.

Mkulima Njombe
Mama Chipsi usitusingizie sisi. Viazi vinatoka shambani kwa bei ya kutupa. Wanunuzi wanatujazia lumbesa, gunia limefura kupita kipimo, na sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Dalali kasimama pale anacheka.

Mwalimu Tabora
Lumbesa! Hata huku kwetu.

Mama Chipsi Sinza
Mimi lumbesa siioni, gunia likinifikia sokoni Mabibo limeshapunguzwa!

Dereva Mtulivu
Mkulima, hilo fungua uzi wake, tutakuja wote.